Nani Anamwosha? Maoni juu ya Filamu za Miili Inayogeuka

Makala haya hayakuanzia maktaba. Yalianzia kwenye banda la video la Mbuchi, katika delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti, siku moja ya likizo ndefu baada ya mimi kumaliza mwaka wa pili. Kiingilio ni shilingi mia tano. Kuta ni za makuti, mabenchi ni miti ya mikoko iliyopigiliwa mbao juu, runinga ni moja, umeme ni wa sola, na mwenye banda hana subira na mtu anayeuliza picha itaanza saa ngapi. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia babu mzaa mama. Nilimkuta kachoka kukaa barazani, nikamwambia, "Babu, twende bandani, leo wanaonyesha picha ya mtu anageuka inzi." Akacheka mpaka akakohoa. "Inzi! Mtu mzima kakosa cha kugeuka? Haya, nipe fimbo yangu."

Hapo nilipaswa kufikiri kidogo, maana babu ana matende. Mguu wake wa kushoto, toka gotini kwenda chini, umevimba tangu kabla mimi sijazaliwa, na ngozi imekuwa ngumu, ina mikunjo kama gome la mti. Kwetu si jambo la ajabu. Katika rika lake wenye matende au busha utawakuta kila kijiji cha pwani. Nimekua nikiuona mguu ule kama ninavyoiona fimbo yake, ni kitu cha babu, basi. Sikufikiri.

Picha yenyewe ilikuwa The Fly ya David Cronenberg, Mkanada, ya mwaka 1986, iliyotafsiriwa na mmoja wa hawa ma-DJ wanaofuata nyayo za Lufufu, wale wanaozungumza juu ya picha na kukusimulia kila kitu, hata kile unachokiona kwa macho yako mwenyewe. Kisa chake ni hiki. Mwanasayansi Seth Brundle, anayeigizwa na Jeff Goldblum, ametengeneza mashine mbili. Kinachoingia katika hii kinavunjwavunjwa na kutokea kizima katika ile. Usiku mmoja, amelewa na ana wivu wa mapenzi, anajiingiza mwenyewe bila kujua kwamba inzi kaingia pamoja naye. Kompyuta inapokuta viumbe wawili mahali pa mmoja, inawachanganya. Mwanzoni Brundle anapata nguvu, anarukaruka kama mwanasarakasi, anatia sukari kwenye kahawa kijiko juu ya kijiko. Kisha vinyweleo vigumu vinamwota mgongoni. Kisha kucha zinang'oka. Kisha masikio, meno, na vinavyodondoka anaviweka kwenye kabati la dawa bafuni, kama mtu anayetunza vitu vya marehemu.

Ni kwenye kucha ndipo kijana mmoja wa benchi la mbele akasema kwa sauti, "Subirini, bado matende!" Banda zima likacheka. Na mimi nikacheka. Nalisema hili kwa sababu mhakiki anayeficha alichokifanya bandani hana haki ya kuwahukumu waliomo kwenye picha. Nilicheka, kisha nikakumbuka nimekaa na nani. Babu hakugeuka. Aliendelea kutazama, na baada ya muda akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hivi huyu, nani anamwosha?"

Sikuwa na jibu. Na tangu siku ile ndilo swali ninaloziuliza filamu zote za aina hii, na nitajaribu kueleza kwa nini nadhani ni swali zuri kuliko mengi tunayofundishwa kuuliza.

Darasani tunaambiwa tutenganishe fani na maudhui, halafu tunaambiwa havitenganishiki kwa kuwa ni pande mbili za sarafu moja, halafu kwenye mtihani tunatakiwa tuvitenganishe tena kwa alama kumi na kumi. Filamu ya mwili kugeuka inaikataa michezo hiyo. Ngozi ile ya mpira na rangi na ute, iliyowapatia Chris Walas na Stephan Dupuis tuzo ya Oscar ya urembaji, si pambo lililobandikwa juu ya dhamira. Ndiyo dhamira yenyewe. Ukiiondoa unabaki na ile sentensi ya mwanafunzi mvivu, "msanii anatuasa tusicheze na maumbile". Nimewahi kuiandika sentensi hiyo katika zoezi, tena nikapata alama nzuri. Lakini si kweli. Mashine ya Brundle inafanya kazi, sayansi yake haina kosa, wala hakuna anayeadhibiwa kwa kiburi. Kilichoharibu mambo ni mdudu aliyeingia mlango ukiwa wazi.

Wahakiki wengi wa Marekani na Ulaya waliiona filamu hii kuwa istiari ya UKIMWI, na ukiangalia mwaka ilipotoka unawaelewa. Cronenberg mwenyewe amesema alikuwa akifikiria jambo pana zaidi, yaani maradhi na uzee unaomfika kila mtu. Mimi naona yote mawili yanafaa, ila yote mawili yanaishia kwenye mwili wa mgonjwa. Yanauliza ana nini. Hayaulizi yuko na nani.

DJ wetu wa bandani alikuwa na jibu lake. Kila Brundle alipobadilika, yeye alipiga kelele, "Kompyuta imemloga!" Nilikereka. Niliona anaipotosha kazi ya msanii. Baadaye nimeanza kumheshimu, kwa sababu alikuwa ameligundua pengo kubwa la filamu ile kwa mtazamaji wa kwetu: hakuna mkono wa mtu. Katika masimulizi tuliyokulia nayo, mtu hageuki hivi hivi. Kuna aliyemgeuza. Msukule ana mwenyewe anayemtumikisha, mtu-simba ana mganga aliyempa dawa na adui aliyelengwa. Hata pale mnyama anapokuwa mnyama tu, sisi tunamtafutia mtu ndani yake. Kati ya mwaka 2002 na 2004 hapa Rufiji simba alikula watu zaidi ya 30, na watu wakampa jina la Osama. Bibi anasimulia jinsi walivyokuwa wakifunga milango kabla jua halijazama, na walio mashambani wakiogopa kushuka kwenye dungu hata kujisaidia, na kwamba wengi waliamini yule si simba ila ni mtu. Alipouawa Aprili 2004 alikutwa ni dume changa lenye jipu kubwa chini ya jino lililopasuka. Yaani lile jitu la kutisha lilikuwa na maumivu ya jino. Nimelifikiria sana jino lile. Sisi tulikuwa tunatafuta nia, na kilichokuwepo ni mwili unaouma.

Basi tofauti ni hiyo. Masimulizi yetu yanatisha kwa sababu kuna mtu nyuma ya mabadiliko. The Fly inatisha kwa sababu hakuna. Lakini mkono wa mtu, pamoja na ubaya wake wote, una faida moja: unamwacha aliyegeuzwa ndani ya jamii. Ana wa kumlaumu, ana ndugu wanaokwenda kwa mganga, ana kesi ya kujadiliwa. Brundle hana. Hana mama, hana jirani, hana hata mtu wa kumgongea mlango kuuliza mbona hujaonekana. Anakaa kwenye ghala kubwa na mashine zake, na sakafu haifagiliwi.

Nikirudi kwenye mguu wa babu, mdudu wake si inzi, ni mbu. Mbu hubeba vijidudu wa minyoo, na anapomuuma mtu, tena mara nyingi, kwa miaka, vijidudu hao huingia, hukomaa na kukaa kwenye mishipa ya limfu, wakaiharibu, na mguu ukajaa. Mtu hageuki usiku mmoja. Hajui hata ni mbu yupi. Tanzania ilianza mpango wa kugawa dawa za kutokomeza matende na mabusha mwaka 2000, na wilaya ya kwanza ilikuwa Mafia, hapo ng'ambo tu ya delta. Dawa ni ivermectin na albendazole. Zinawaua vijidudu wachanga walioko kwenye damu ili mbu asipate cha kuhamishia kwa mwingine, ila mguu uliokwisha kuharibika haurudi kuwa kama zamani. Kinachobaki ni kuutunza. Na kuutunza maana yake ni jambo moja rahisi na la kuchosha: kuuosha kila siku kwa maji na sabuni, kuukausha vizuri kwenye mikunjo na katikati ya vidole, na kuuinua mtu anapokaa, kusudi usipate vidonda na uvimbe usizidi. Bibi amefanya hivyo kila jioni kwa miaka ambayo sijui idadi yake. Beseni, sabuni ya kipande, kitambaa.

Kwa hiyo babu hakuuliza fumbo. Aliuliza kama fundi anayemwona fundi mwenzake bila vifaa. Mtu mwenye ngozi ile, mwenye majimaji yale, ni lazima awe na mtu wa kumwosha.

Sasa, kuna tukio moja ambalo linanifanya niitetee The Fly mpaka leo. Veronica, mwandishi wa habari na mpenzi wa Brundle, anayeigizwa na Geena Davis, anarudi kumwona. Sikio la Brundle linadondoka mbele yake. Anaogopa, uso wote unaonyesha anataka kukimbia. Kisha anamkumbatia. Bandani hapo watu walisema "aaah!" kwa kinyaa, na kinyaa hicho Cronenberg alikitaka, maana bila hicho kukumbatia kusingekuwa na thamani. Filamu nyingine za jamii hii hazithubutu. The Thing ya John Carpenter (1982) ni kazi ya ufundi mkubwa, lakini huko Antaktika kila mwili ni mtuhumiwa. Damu ya mtu inachomwa kwa waya wa moto ili ijulikane kama ni yake. Akishagundulika anachomwa moto, na hakuna anayemlilia. Niliitazama mara mbili, sikupata pa kukaa.

Lakini hata Veronica anamkumbatia mara moja, akaondoka. Haoshi. Mwishoni Brundle, ambaye sasa amechanganyika na vyuma vya mashine yake mwenyewe, anatambaa mpaka miguuni pake, anaushika mtutu wa bunduki na kuuelekeza kichwani kwake. Veronica analia, anafyatua. Picha inakwisha hapo hapo. Hakuna maiti inayofunikwa, hakuna kesho yake.

Filamu ya pili ninayotaka kuigusa niliitazama bwenini kwenye kompyuta ya rafiki. District 9 ya Neill Blomkamp (2009) inatokea Johannesburg, na picha zake zilipigwa Chiawelo, Soweto. Wageni kutoka anga nyingine wamewekwa kambini, na watu wanawadharau kwa kuwaita "kamba". Mimi mtoto wa delta nilishangaa. Kamba kwetu si tusi, ni ada ya shule. Delta hii inajulikana nchini kwa kamba, na wazee wanakumbuka miaka ya 1990 ulipoletwa mpango wa shamba kubwa la kuwafuga, wakaupinga, na haukutekelezwa. (Ningependa siku moja kuitazama District 9 na wazee hao. Mambo ya kuhamishwa kwenye ardhi kwa makaratasi ya kusaini hawahitaji kutafsiriwa.)

Wikus, karani wa kampuni inayowahamisha wageni, anarushiwa usoni majimaji meusi, na mkono wake unaanza kugeuka kuwa wa wageni wale. Hapa filamu inafanya jambo ambalo The Fly haikulifikiria: mkono uliogeuka una bei. Unaweza kufyatua silaha ambazo binadamu hawezi. Mara moja kampuni inaacha kumwona mfanyakazi, inaona mali, na baba mkwe wake mwenyewe anaridhia achunwe. Mtu wa pwani haitaji mhadhara hapo. Huyo ni mumiani. Hofu ya bibi zetu, kwamba wapo wakubwa wanaokamata watu na kunyonya damu ili ikatengenezewe kitu cha faida, imewekwa mule ndani na mashine za kisasa. Ni sehemu yenye nguvu kuliko zote.

Halafu filamu inajiharibia. Inatutaka tumhurumie Wikus aliyegeuka, lakini Wanigeria wa kambini inawaacha wawe majambazi na walaji nyama wanaotaka kuula mkono wake kwa uchawi. Serikali ya Nigeria ililalamika mwaka ule ule, na kwa haki. Maana yake ni kwamba mwili wa karani ukigeuka ni msiba, ila miili ya wale wengine ilikwisha hesabiwa kuwa imegeuka tangu kabla ya picha kuanza. Hao nani atawaosha? Msanii hakujiuliza. Na Wikus mwenyewe? Mke wake anadanganywa, anabaki sauti kwenye simu. Mwishoni anaokota mlangoni ua lililotengenezwa kwa mabati, na tunamwona kiumbe mmoja kambini akilikunja ua jingine kwa vidole vyake vigumu. Nililia kidogo, sioni aibu. Ila ua linatoka kwa aliyegeuka kwenda kwa waliobaki wazima. Sijaona kinachorudi.

Mwaka huo huo 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitoa Pumzi, filamu fupi ya dakika ishirini na kitu. Vita vya maji vimekwisha, watu wa jumuiya ya Maitu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, jasho na mkojo husafishwa yakawa maji ya kunywa, na umeme unatokana na miili ya watu kwenye mashine za mazoezi. Asha anapata udongo wenye uhai, anapanda mbegu, anatoroka kwenda jangwani kuiotesha. Anaipa maji yake ya mwisho, kisha anajilaza kuikinga na jua. Kamera inapanda juu, tunaona mti.

Hapa mabadiliko hayatishi. Mwili unakwenda kuwa kitu kingine kwa hiari, na kina faida. Nilipoitazama nilikumbuka mizizi ya mchu inayotokeza juu ya tope maji yakipwa, mamia kwa mamia, wima kama vidole, kwa ajili ya kuvuta hewa. Mtu aliyekulia Mbuchi anaelewa bila kuelezwa kwa nini filamu ya mti iitwe Pumzi. Hata hivyo nina ugomvi nayo. Ni safi mno. Asha anakuwa mti bila kunuka, bila ngozi kupasuka, na kamera inakwenda juu na mbali pale ambapo Cronenberg angesogea karibu. Na yeye pia yuko peke yake. Jumuiya iliyomtupa haipo kuuona mwili wake.

Ndiyo maana nikilinganisha narudi kwenye tamthiliya, ingawa mada yangu ni filamu. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) mtu anaingia majini huko Ngarambe, Rufiji hii hii, anatoka akiwa mkavu, si yule aliyeingia. Lakini anatokea mbele ya watu. Wanamngoja, wanamgombania, wanalichukua neno lake na kulifanyia wanavyotaka, na hilo linaleta balaa lake. Simsifu kwa kuwa ni wetu. Nasema tu kwamba Hussein hakuweza kufikiria mtu aliyegeuka bila watu waliosimama ukingoni. Sinema ya sayansi inaweza, na mimi naona huo ndio ubunifu wake wa kutisha, kuliko ute na meno.

Tulirudi nyumbani polepole, babu akitangulia na fimbo. Jioni bibi alileta beseni kama kawaida, na babu akaanza kumsimulia picha huku mguu uko majini.

"Sasa yule mwanamke akampiga risasi?"

"Akampiga. Mwenyewe aliomba."

Bibi akakausha katikati ya vidole, kimoja kimoja. "Wakamzika wapi?"

"Picha ikaisha."

"Imeishaje na mtu hajazikwa?" Akamwaga maji uani, akaingia ndani.

Kesho yake jioni nililichukua beseni mimi. Babu akanitazama. "Wewe si ulicheka?"

Nikasema ndiyo, nilicheka.

Akasogeza mguu.